Chihayafuru ni manga ya nani? Jarida la Be Love na mkanganyiko wa manga za wanawake watu wazima

Mdogo wangu wa kike alimaliza kuangalia Chihayafuru, anime (yaani katuni ya Kijapani ya kwenye skrini), usiku wa manane, asubuhi akanifuata jikoni macho mekundu akaniuliza, dada hivi hii ni ya wasichana au ya wavulana, maana mashindano yapo kama zile za wavulana, mapenzi yapo kama zile za wasichana, alafu nimeona imeandikwa manga yake, yaani ile stori ya michoro ya kwenye karatasi, ilitoka kwenye jarida la wanawake watu wazima, sasa mama mtu mzima anatafuta nini kwa watoto wa sekondari wanaocheza karata? Nikaanza kumjibu kwa kifupi, nikajikuta naongea mpaka chai imepoa. Na najua sio yeye peke yake, wapenzi wengi wa anime wanakwama hapohapo, kwaiyo naliandika lote tulifungue pamoja.

Tuanze na maneno manne ambayo manga hupangwa nayo. Shonen ni mvulana, shojo ni msichana, seinen ni kijana wa kiume aliyeshakua, na josei ni neno la kawaida tu la Kijapani la mwanamke. Sisi huku tunayakuta kwenye saiti za anime yamepangwa sambamba na "vichekesho" na "kutisha" bas tunadhani ni aina za stori. Tunayachukua kama tunavyochukua taarabu na singeli, yaani ukisikia sekunde 10 tu umeshajua ni nini. Josei haisikiki ivo. Fikiria kipindi cha redio cha saa nne asubuhi kinachoandaliwa kwa ajili ya akina mama, mule ndani watapiga bongo fleva, watamleta daktari, watasoma barua ya mtu mwenye ndoa ngumu, alafu watapiga na zilipendwa. Huwezi kusema ule wimbo ni "wimbo wa akina mama". Ulipigwa kwenye kipindi chao. Josei ni kile kipindi, na kipindi chenyewe ni jarida.

Hapa ndo inabidi ujue manga inazaliwaje, maana wengi wetu tunaipata ikiwa tayari kitabu au tayari anime. Japani stori nyingi zimeanzia kwenye jarida nene kama zile daftari za simu za zamani, karatasi ya bei rahisi, kurasa chache za mbele zina rangi na zilizobaki zote nyeusi na nyeupe, ndani kuna stori za waandishi wengi tofauti na kila moja imekatwa vipande kama tamthilia. Unanunua kwa yen mia kadhaa, unasoma kwenye treni, ukimaliza mara nyingi huliweki. Stori ikifikisha sura za kutosha kampuni inazikusanya inatoa kitabu kidogo kizuri kinaitwa tankobon, kurasa 200 hivi, hicho ndo watu wanakiweka kabatini na hicho ndo kinatafsiriwa. Mchoraji analipwa kwa kila ukurasa stori ikitoka kwenye jarida, alafu tankobon ikitoka anapata asilimia ya bei, kawaida kwenye 10 hivi. Kwaiyo jarida lenyewe mara nyingi faida yake ni ndogo au hamna kabisa, kazi yake ni kulea stori mpaka isimame.

Na anayelea ni mhariri. Kila mchoraji ana mhariri wake, na kabla hajachora kwa wino anapeleka kitu wanaita neemu, ni rasimu ya penseli yenye vibox na maneno, mhariri anaisoma anasema hapa panachosha, hapa sijaelewa, huyu kwanini analia. Mhariri wa jarida la watoto anamuwaza mtoto wa darasa la tano, mhariri wa Be Love, lile jarida lililotoa Chihayafuru, anamuwaza mwanamke mwenye kazi, mume labda, watoto labda, mama mgonjwa labda, ambaye ana dakika 20 tu za kwake mwenyewe kwa siku. Stori ileile ikipita kwa hawa wahariri wawili itatoka stori mbili. Lile neno josei unaloliona pembeni ya jina la anime ni kivuli cha hayo maongezi, ya mchoraji na mhariri wakimuwaza msomaji ambaye hayupo pale mezani.

Sasa Be Love lilitoka wapi. Kampuni inaitwa Kodansha, iko Tokyo, ilianzishwa 1909, ni moja ya kampuni kubwa kabisa za uchapaji kule. Hawa walikuwa na Nakayoshi, jarida la wasichana wadogo, tangu 1954, na washindani wao Shueisha wakaja na Ribon mwaka 1955. Mwanzoni manga nyingi za wasichana zilichorwa na wanaume, mpaka miaka ya 70 ilipoingia kundi la wanawake waliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 40 na hapo jirani, kina Moto Hagio, Keiko Takemiya, Riyoko Ikeda, wakaifanya shojo iwe kitu kizito chenye historia, falsafa na mapenzi ya kweli. Wasichana wakasoma kwa njaa. Tatizo ni kwamba wasichana wanakua. Unafika miaka 23 umeajiriwa ofisini, unafungua jarida unalolipenda, staa wa stori ana miaka 14 na shida yake kubwa ni kaka wa darasa la juu hajamwangalia. Kaka zako wao wana pa kwenda, maana Big Comic ya wanaume watu wazima ilikuwepo tangu 1968, wewe huna. Majaribio ya jarida la wanawake wakubwa yalifanyika lakini hayakudumu.

Mwaka 1980 Kodansha wakatoa jarida kwa jina la Be in Love, baadae likafupishwa likawa Be Love. Shueisha wakatoka na You, Shogakukan nao wakaja na Big Comic For Lady, na mlango ukafunguka. Angalia na wakati wenyewe. Mwaka 1985 Japani ilipitisha sheria ya usawa wa nafasi za ajira kati ya wanawake na wanaume, ikaanza kazi 1986, wanawake wengi wakawa na mshahara wao na bado wanaishi kwenye jamii inayotarajia waache kazi wakiolewa. Hela ipo mkononi na maswali yapo kichwani, mfanyabiashara yeyote ataona soko. Majarida ya namna hii yalikuwa mawili tu mwanzo, kufika mwanzoni mwa miaka ya 90 yamepita 40.

Na hapa ndo fundo la pili la mkanganyiko, nakaa hapa kidogo kwa sababu ndilo linalowaumiza wachoraji wazuri mpaka leo. Majarida haya yote yaliitwa kwa jina moja, redisu komiki, yaani "ladies comic" kwa matamshi ya Kijapani, watu wakafupisha wakasema redikomi. Wachapaji wengine wakagundua mambo ya chumbani yanauza, wakashindana nani ataonyesha zaidi, kufika miaka ya 90 neno redikomi likishatajwa watu wanainamisha macho. Jarida la mama anayesoma kuhusu kumlea mtoto mwenye ulemavu na jarida la ngono tupu yakawa na jina moja! Ndo maana neno josei likaanza kushika, watu walihitaji neno safi la zile stori nyingine. Kwaiyo ukimwambia mtu unasoma "manga za wanawake watu wazima" alafu akakuangalia vibaya, kumbe ana harufu ya ile redikomi kichwani bila hata kujua imetoka wapi. Hilo neno "watu wazima" hapa lina maana ya mtu aliyekua, mwenye majukumu.

Be Love lenyewe lilishika njia ya maisha, yaani nyumbani, kazini, wazazi, historia. Kitu kimoja kinanigusa ni jinsi wachoraji walivyohama na wasomaji wao. Yoko Shoji alichora Seito Shokun! kwenye jarida la wasichana Shojo Friend kuanzia 1977, stori ya binti wa shule mchangamfu jina la utani Nacky, ikawa maarufu kwelikweli. Mwaka 2004 akamrudisha Nacky, safari hii ndani ya Be Love, na Nacky ameshakua ni mwalimu amesimama mbele ya darasa lake mwenyewe. Fikiria wewe ulisoma ukiwa na miaka 13, umefika 40, unafungua jarida rafiki yako wa utotoni kakua sawa na wewe. Waki Yamato naye, aliyewafurahisha wasichana wa miaka ya 70 kwa Haikara-san ga Toru, kuanzia 2009 alikuwa Be Love akichora maisha ya Ono no Otsu, mwanamke wa enzi za vita vya makabaila wa Japani aliyesifika kwa hati nzuri ya mkono. Mwanamke mwenye kipaji cha kalamu, kachorwa na mwanamke mwenye kipaji cha kalamu, kwa ajili ya wanawake, mimi hapo nasema asante.

Haya sasa Chihayafuru. Yuki Suetsugu alikuwa mchoraji wa jarida la wasichana palepale Kodansha, mwaka 2005 ikagundulika kuna picha kwenye kazi zake alizinakili kutoka manga maarufu ya basketiboli, akakiri, kampuni ikasimamisha stori zake na kuondoa vitabu vyake sokoni. Kwa mchoraji hicho ni kifo cha kazi. Akarudi 2007, Be Love ndo wakampa nafasi, na mwishoni mwa mwaka uleule Chihayafuru ikaanza. Sitetei alichofanya. Ninachoona ni kwamba stori nzima inahusu mtu anayeanza upya kutoka sifuri mbele ya watu wanaomtilia shaka, na imeandikwa na mtu anayelijua hilo mpaka kwenye mifupa.

Mchezo wenyewe unaitwa karuta, na sisi watu wa mashairi tuna bahati ya kuuelewa haraka kuliko wengi. Kuna mkusanyo wa mashairi 100 ya washairi 100, ulikusanywa karne ya 13 na Fujiwara no Teika. Kila shairi lina mizani 31, zimepangwa 5, 7, 5 alafu 7, 7. Kwaiyo lina kama ukwapi wa mizani 17 mbele na utao wa mizani 14 nyuma. Msomaji anasoma shairi kwa sauti ya kughani, kwenye karata zilizopangwa chini kumeandikwa utao tu, na mchezaji anayejua utao wake anaipiga ile karata kabla mwenzie hajaigusa. Karata 50 zinatandikwa, 25 upande wako na 25 upande wa mpinzani, mnapewa dakika 15 za kukariri zilipo. Msomaji lakini anasoma kutoka zote 100, maana yake nusu ya anayosoma hayapo chini, ukipiga kwa pupa umekosea. Na mabingwa hawasubiri ukwapi uishe, kuna mashairi yanatambulika kwa silabi ya kwanza tu, mengine silabi mbili, mengine mpaka sita. Binti wa stori anaitwa Chihaya na karata yake ya moyoni ni shairi namba 17 linaloanza na "chihaya", silabi mbili za mwanzo zikitoka yeye mkono wake umeshafika.

Sasa rudi kwenye swali la mdogo wangu, mama mtu mzima anatafuta nini hapa? Kwenye yale mashairi 100, 43 ni ya mapenzi na 21 yameandikwa na wanawake, wengi ni wanawake wa ikulu waliosubiri mtu usiku mzima asitokee, waliopendwa wakaachwa. Mtoto wa sekondari anayapiga kama karata, msomaji wa miaka 45 anayasoma kama barua. Stori inajua kuwa wote wawili wanasoma. Alafu angalia na watu wazima waliomo, Daktari Harada mwenye goti bovu ambaye bado anautaka ubingwa ule mkubwa wa Meijin wakati umri unamwambia kaa, na kuna malkia wa zamani wa mchezo anarudi kushindana akiwa tayari ni mama wa watoto. Kwenye jarida la wavulana hawa wangekuwa ukuta wa kuvukwa na staa kijana, hapa wanapewa kurasa zao, wanatamani na wanauma. Mkono wa yule mhariri anayemuwaza yule mwanamke wa dakika 20 unauona palepale.

Chihayafuru ilitoka mpaka 2022 ikafikisha vitabu 50, anime ikaanza 2011, filamu ikaja 2016, nakala zimepita milioni 25, na watoto wengi Japani wakajiunga na klabu za karuta kwa sababu yake. Jarida la akina mama limefufua mchezo wa mashairi ya kale kwa vijana wa nchi nzima, na hilo watu hawalisemi vya kutosha.

Usije ukadhani josei yote ni Be Love lakini. Kodansha haohao wana Kiss, lilianza 1992, na sura yake ni nyingine kabisa, ni ya dada wa mjini. Humo ndo ilitoka Nodame Cantabile ya Tomoko Ninomiya kuhusu wanafunzi wa chuo cha muziki, na humo ndo Akiko Higashimura alichora Tokyo Tarareba Musume kuanzia 2014. Hii ya mwisho jina lake linamfaa Mswahili sana. "Tara" na "reba" ni viambishi vya Kijapani vya masharti, kama -nge- na -ngali- zetu, kwaiyo ni mabinti wa ningalijua: wanawake watatu wana miaka 33 wanakaa baa wanakunywa na kusema ningepunguza uzito ningepata mtu, angekuwa na mtindo mzuri ningekubali kuolewa nae, mpaka siku moja kijana wa meza ya pili anawaambia ukweli usoni. Na tara na reba ni majina ya vyakula pia, samaki na maini, basi vile vyakula vinamtokea bibie akiwa amelewa vinamsuta. Nilicheka mpaka nikakaa kimya.

Humohumo kwenye Kiss kuanzia 2012 Tsunami Umino alichora stori ya Mikuri, msomi mwenye shahada mbili asiye na kazi, anaajiriwa kumfanyia usafi kaka mmoja wa kompyuta, mwishowe wanaingia ndoa ya mkataba ambapo yeye ni mwajiriwa, ana saa za kazi na mshahara. Kupika, kufua, kufagia vikapigiwa hesabu kwa yen. Alafu wanapendana, na kaka anamchumbia kwa hesabu, akimuonyesha wataokoa yen ngapi akiacha kumlipa, na Mikuri anauliza, kwa hiyo mapenzi yakiingia kazi yangu inakuwa bure? Tamthilia yake ya 2016 ilitikisa Japani. Stori za wasichana huwa zinaishia pale pa wakaishi raha mustarehe, hii imefungua mlango ikaingia ndani kuangalia nani anaosha vyombo.

Mkanganyiko wa mwisho ni wa tuzo. Chihayafuru ilishinda Tuzo ya Manga ya Kodansha mwaka 2011, ukiangalia imeandikwa kundi la shojo! Nodame 2004, shojo. Ile ya Mikuri 2015, shojo. Watu wanaona hivyo wanabishana mpaka asubuhi, kumbe sababu ni nyepesi, tuzo hiyo haina kundi la josei, manga zote za wasomaji wa kike zinawekwa kapu moja. Yaani mwanamke wa miaka 50 kwenye tuzo bado anaitwa msichana, na hili mimi linaniudhi. Kinyume chake pia kipo, Moyoco Anno alichora Hataraki Man, stori ya mwanamke mhariri anayefanya kazi mpaka anasahau kula, ukiisoma unaapa ni josei, lakini ilitoka Morning ambalo ni jarida la wanaume, kwaiyo inaitwa seinen. Chica Umino alijulikana kwa Honey and Clover kwenye majarida ya wanawake, alafu stori yake ya kijana anayecheza shogi, ile chesi ya Kijapani, ikatoka kwenye jarida la wanaume. Mkono ni uleule, kilichobadilika ni jarida.

Saivi mambo yanalegea kwa sababu majarida ya karatasi yanapungua nguvu. Mwaka 2017 mauzo ya vitabu vya manga vya kidijitali yalipita ya karatasi kwa mara ya kwanza Japani. Kiss ambalo lilikuwa linatoka mara mbili kwa mwezi limebaki mara moja, Be Love nalo kuanzia 2018 ni mara moja kwa mwezi. Kwenye simu hakuna rafu ya wanawake na rafu ya wanaume, mtu anafungua apu anasoma anachotaka, na mwanaume aliyekuwa anaona aibu kubeba jarida lenye maua kwenye treni hana tena sababu ya aibu.

Kwaiyo nikamwambia mdogo wangu, siku nyingine ukitaka kujua stori ni ya nani usiangalie macho makubwa wala maua ya pembeni, tafuta ilitoka jarida gani, alafu jiulize lile jarida lilikuwa linamuwaza nani. Akaniuliza, na kama jarida lilikuwa linamuwaza mama, mimi wa miaka 17 nisome? Nikamwambia Suetsugu mwishoni mwa 2023 alianza stori mpya ya karuta, kizazi kingine cha wanafunzi, binti mwingine anaanza kujifunza mashairi yaleyale 100, na imo humohumo Be Love. Akachukua simu yake akaondoka, chai yake akaiacha mezani.